Herufi Kumi na Nane

1

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi mitambo ya manukuu, inayogeuza usemi wa kila mtu kuwa maandishi, ilizimwa kwa matengenezo, saa tatu asubuhi hadi saa tano, na mji mzima wa Tabora ulinyamaza. Si kwamba watu walikatazwa kusema. Waliona aibu tu. Mtu akifungua kinywa na maandishi yasitokee kifuani pake, hujiona kama ametoka nyumbani bila nguo. Kwa hiyo ofisini kwetu tulikaa, tukanywa chai, tukatikisiana vichwa kama watu waliofika msibani wasiomjua marehemu, tukiisubiri saa tano.

Mimi saa hizo nilizipenda. Kazi yangu ilikuwa kunukuu kesi za mahakama, miaka kumi na sita sasa, na macho yangu yalikuwa yamechoka kusoma watu. Naitwa Veneranda Masanja, lakini pale ofisini waliniita Mkasi, na sitadanganya, jina hilo nilijivunia. Shahidi angeweza kupiga porojo nusu saa, akaanzia harusi ya shangazi yake, mimi nikampunguza hadi mistari miwili na maana isipotee. Ndivyo nilivyoamini.

Siku hiyo mzee mmoja aliingia saa tatu na nusu, akaja moja kwa moja hadi mezani kwangu. Nilimjua kwa sura. Kila mwaka alikuja mara moja, akasimama mapokezi, akapanua kinywa, na kifuani pake pasitokee kitu. Alikuwa mtu aliyefutwa. Wale wa mapokezi walimtazama kifua, wakasubiri kidogo kwa adabu, kisha wakamwita mlinzi. Mimi nilikuwa nikigeuza uso, maana mtu aliyefutwa ukimtazama sana watu wanadhani una jambo naye.

Leo sote tulikuwa hatuna maandishi. Alilijua hilo, na ndiyo maana aliichagua saa ile.

"Shikamoo," nilisema. Sikukusudia. Malezi yaliniponyoka tu, nilipoona mvi.

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Mwaka wa kumi na mbili huu, sijaamkiwa na mtu."

Nilishtuka. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na wenzangu wote wakainua vikombe usoni wasionekane wanasikiliza.

"Mimi ni Mrisho Kapufi," alisema. "Nilikuwa mlinzi wa lango la reli, kule Mtakuja. Wewe ndiye uliyeyaandika maneno yangu mahakamani."

Nani asiyekumbuka Mtakuja? Basi lilikuta lango liko wazi, likaingia relini, treni ikaja. Walikufa watu kumi na tisa. Na mlinzi alikiri mwenyewe, kwa neno moja.

"Mzee wangu, ulikiri," nilisema.

"Sikukiri."

"Niliandika kwa mkono huu."

"Basi nenda katazame kinywa changu. Usisome, mwanangu. Tazama kinywa." Akainama zaidi. "Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu Zuwena anaolewa. Mimi ndiye walii wake. Nikisema 'nimekuoza' na isiandikwe, ndoa haisajiliwi. Basi wamemwomba baba yake mdogo amwoze, na kwenye fomu wamejaza kwamba baba mzazi ni marehemu. Mimi niko hai. Nitakaa nyuma ya watu nisikilize binti yangu akiozwa na mtu mwingine, na mimi niko hai. Hilo siliwezi."

Alitoka kabla ya saa tano, kabla mlinzi hajapata sababu ya kumtoa.

2

Vijana wanatuuliza ilikuwaje tukafika hapa. Ilikuwa hivi: sauti ziliibwa. Mama alipigiwa simu na mwanawe, analia, yuko kituo cha polisi, anataka kutolewa, kumbe mwanawe yuko darasani anapiga miayo. Marehemu walitoa ushahidi kwa sauti zao wenyewe. Kila mtu alishatapeliwa kwa sikio lake. Mwishowe ikapitishwa sheria kwamba neno ni lile lililonukuliwa. Mtaani yalitosha manukuu ya mtambo, yanayotokea kwenye lensi za macho. Mahakamani alitakiwa binadamu mwenye leseni, anukuu papo hapo na kupiga muhuri wake. Sauti ya kesi ilifutwa siku hiyohiyo, mtu asije akaichezea. Picha ilibaki, bubu, na chini yake maneno yangu.

Aliyepatikana na hatia ya vifo, au ya kupotosha nukuu, hakufungwa. Alifutwa. Alibaki na ulimi, akakosa maandishi, na mtu asiye na maandishi hanunui, hashitaki, hawi shahidi wala walii. Watu walimsikia kama wanavyosikia feni.

Nilifungua kesi ya Mtakuja saa nane mchana. Niliipeleka mbele hadi dakika ya kumi na nne, pale wakili wa serikali aliposimama. Manukuu yangu yalikuwa mazuri kweli. Yalitokea neno lilipoanza na kuondoka lilipokwisha, hayakumtangulia msemaji wala kumchelewa. Wakili aliuliza: *Hukuliacha lango wazi?* Mrisho, nywele bado nyeusi, alijibu: *Ndiyo.*

Kisha maandishi yakaondoka, na mdomo wake ukaendelea.

Nilirudisha nyuma. Nikatazama tena, mara hii kwa mwendo wa robo. *Ndiyo*, maandishi yakapotea, halafu meno yakakutana, midomo ikachongoka, ulimi ukaonekana, kinywa kikapanuka. Nilisema pamoja naye, polepole, mbele ya kioo kidogo ninachotumia kupaka mafuta ya midomo. Si. Ku. Li. A. Cha. Halafu kitu kirefu zaidi, midomo ikifumbwa mara mbili: mheshimiwa.

Ndiyo, sikuliacha, mheshimiwa.

Nilikumbuka basi. Wakili alimdakia, akarusha swali jingine juu ya jibu, na mimi nilikuwa na sekunde moja na kitu. Msomaji wa kawaida husoma herufi kumi na saba kwa sekunde. Nafasi niliyokuwa nayo, nikaikokotoa sasa upya, ilikuwa ya herufi kumi na nane. Nilikata. Na kwa nini nisikate? Umeulizwa "hukuliacha?", umejibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sikuliacha. Hata mtoto anajua. Hapakuwa na kosa pale.

Basi mtu huyu alifutwa kwa lipi?

Jibu la hilo swali lilinijia taratibu, na sikulipenda hata kabla halijafika. Aliyesoma manukuu yangu hakuwa mtoto wa Kiswahili. Ulikuwa Mpimaji, mtambo ulioletwa kutoka ng'ambo, ukafundishwa lugha yetu kwa miezi minne. Mtambo ndio uliosoma na kutoa muhtasari, jaji akasaini. Nilifungua ukurasa wa majaribio, nikaandika mistari miwili ya kipuuzi:

*Hujala?*

*Ndiyo.*

Nikauliza hali ya mhusika. Mpimaji ukajibu bila kusita: *Mhusika amekula.*

Nilicheka. Kweli nilicheka kwa sauti, mwenzangu wa meza ya pili akanitazama. Halafu nikausoma mstari ule tena.

Mhusika amekula. Mlinzi aliacha lango wazi. Siku ile magazeti yaliandika "Mlinzi Akiri", nami nikalisoma gazeti nikiwa nakula mihogo, nikaliamini kuliko mkono wangu mwenyewe. Niliandika jibu la mtu, halafu nikakubali kuambiwa alijibu nini.

Niliandika kwenye karatasi: *Ndiyo, sikuliacha.* Nikahesabu kwa ncha ya kalamu, koma, nafasi na nukta zikiwemo. Nikahesabu mara ya pili kwa sababu sikuamini. Herufi kumi na nane. Ningeondoa "mheshimiwa" peke yake, jibu lake lingeenea.

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Kisha niliuagiza mtambo unitafutie, ndani ya muhuri wangu tu, kila swali la "hu-" au "huku-" lililojibiwa "Ndiyo" bila neno jingine. Hukumpiga mtoto? Ndiyo. Hukusaini? Ndiyo. Hukumwona marehemu siku hiyo? Ndiyo. Zilishuka mbele yangu hadi mia mbili na kumi na nne. Nilifunga mtambo, nikakaa nimeshika kichwa, nikasikia mwenzangu wa meza ya pili akiniuliza kama naumwa.

3

Mkuu wetu, Bwana Kisamo, alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda suti za kaki na kumwita kila mwanamke mama. Nilimwonyesha picha. Aliitazama mara tatu. Kisha alisimama, akanigeuzia mgongo na kuangalia ukuta, ili maandishi yake yasisomeke.

"Mama Veneranda," alisema kwa sauti ya chini, "lugha yenyewe ina utata. Wapo wanaosema hapana, sikuliacha. Wapo wanaosema ndiyo, sikuliacha. Wewe utamlaumu nani?"

"Nimlaumu aliyekata, bwana mkubwa. Ni mimi."

"Ukisahihisha neno, muhuri wako unavunjika. Unajua maana yake?"

Nilijua. Sheria haikujua kuvunja muhuri nusu. Kila nililopata kunukuu lingerudi hali ya awali hadi lisikilizwe upya. Wale mia mbili na kumi na nne wangepumua. Na wengine wote, maelfu, waliopata haki yao halali kwa mkono wangu, wangeipoteza siku hiyohiyo.

"Na wewe utafutwa," Kisamo aliuambia ukuta. "Mnukuzi anayekiri kukata jibu la mshitakiwa, Mpimaji hauchukui hata robo saa."

"Na mzee?"

"Kuna marekebisho ya mwendo." Aligeuza shingo kidogo. "Kubadili saa ya kuingia na kutoka kwa maandishi hakuvunji muhuri. Ni usafi wa kazi tu. Ivute hiyo 'Ndiyo' sekunde moja na nusu, ifunike mdomo mpaka ufunge. Atakayetazama ataona mzee anavuta neno. Hakuna tena cha kutazamwa. Nawe utalala."

Aliposema hivyo ndipo nilipoelewa kwamba picha ile ilikuwa ushahidi pekee uliobaki duniani, na kwamba ningeweza kuufuta kwa kidole kimoja bila kuvunja sheria yoyote.

"Nitafikiri," nilisema.

"Fikiri kwa haraka. Mimi sikuona kitu."

4

Ningekuwa na ujasiri ningemaliza jambo palepale. Nilikwenda kwa Pili badala yake.

Pili Mwandu alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, na rafiki yangu wa kweli. Tulikutana mahakamani. Mumewe, Gervas, alimvunja mkono mara mbili, akakaa na watoto kwa sababu ndiye aliyekuwa na nyumba. Miaka minne iliyopita Pili alisimama akasema, mimi nikanukuu kila pumzi yake, na pacha zake, Kulwa na Doto, wakarudishwa kwake. Siku hiyo sikukata hata neno. Alipohamia jirani yangu alisema anataka kukaa karibu na aliyemsikia.

Nilimkuta anachambua mchele uani. Nilimweleza yote. Mwanzoni alimhurumia yule mzee, akapiga ulimi, akasema masikini. Halafu aliuliza muhuri ukivunjika yeye inakuwaje, nami nikamwambia. Ungo ulimtoka mikononi, mchele wote ukamwagika kwenye vumbi.

"Wanarudi kwa Gervas?"

"Mpaka kesi isikilizwe upya. Miezi minane. Labda mwaka."

"Usithubutu," alisema. Maandishi kifuani pake yalikuwa madogo, maana alinong'ona. "Usithubutu, dada Vene. Utamuua mtu."

"Mzee hakufanya kitu, Pili. Nimemwona kwa macho yangu anasema hakufanya."

"Na mimi nilifanya nini?" Alisimama. "Yeye ameshazoea. Miaka kumi na miwili ameishi hivyo, ana mingapi iliyobaki? Wanangu wana miaka tisa. Doto mpaka leo akisikia geti linafunguliwa anaingia chini ya meza. Umemwona mwenyewe!"

Nilimwona, mara nyingi. Niliogopa kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi kama yangu.

"Nenda na watoto Kahama kwa dada yako," nilisema. "Nenda leo."

"Nikimbie nao, wanitie hatiani mimi? Hakimu atasema mama hafai." Aliinama akaanza kuokota mchele punje kwa punje. "Vuta hilo neno kama bosi wako alivyosema. Nakuomba. Nakupigia magoti, vuta tu."

Alipiga magoti kweli, juu ya mchele.

5

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilibaki ofisini wenzangu walipokwenda kula mchana. Nilifungua dakika ya kumi na nne. Nilishika ukingo wa lile neno nikauvuta. Sekunde moja, moja na nusu. Nikaicheza.

Ilikuwa kazi safi. Mdomo ulifunguka, *Ndiyo* ikatokea, mdomo ukafunga, *Ndiyo* ikaondoka. Hata mimi niliyejua sikuweza kuona tena lile "sikuliacha". Niliitazama mara tano nikitafuta mzee amekwenda wapi. Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata maishani, kwa kuona jinsi kazi yangu ilivyo rahisi na jinsi ninavyoiweza.

Niliwafikiria Kulwa na Doto. Nasema hivi ili asije mtu akanitetea kwamba nilighafilika. Niliwafikiria kwa majina, nikafikiria meza ile, nikafikiria mkono wa Pili unavyouma wakati wa baridi. Nilijiambia mtoto ni mtoto na mzee ni mzee. Nilijiambia kila kitu. Lakini hao watoto wangedhulumiwa na Gervas, na sheria bado ingeweza kuwarudisha. Mzee alidhulumiwa na mimi, na nikifunga kinywa chake sasa, hapatakuwa na mtu wa kukifungua tena.

Nilirudisha *Ndiyo* ilipokuwa. Nikaandika mbele yake koma, nikaandika *sikuliacha*, nikaweka nukta. Mtambo ukauliza: *Muhuri 0417 utavunjika. Nukuu 11,306 zitarejea hali ya awali. Endelea?*

Nilibonyeza. Mpimaji ulichukua dakika kumi na moja. Wenzangu waliporudi, mmoja aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akanitazama kifuani. Alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha uso ukamshuka, akaenda kukaa mezani kwake.

Jumamosi nilikwenda harusini, nikakaa upande wa wanawake, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mzee Mrisho alikuwa amevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani. Baba mdogo alimpisha, naye akamshika bwana harusi mkono. Alipofungua kinywa, maandishi yalitokea kifuani pake, na ukumbi mzima ukaguta. Mama mmoja alipiga kelele, "Yallah, Mrisho!" *Nimekuoza binti yangu Zuwena kwa mahari mliyokubaliana.* Zuwena alikuwa na miaka minane baba yake alipofutwa. Niliona macho yake yakisoma, yakarudi mwanzo wa mstari, yakasoma tena, mpaka wanja ukachirizika hadi kidevuni. Nililia naye. Nilifurahi, na furaha ile iliniuma.

Jumatatu saa moja asubuhi nilisikia mlango wa Pili. Nilitoka. Alikuwa na mabegi mawili, na pacha wamevaa sare za shule, maana kituo cha ustawi kilisema wakabidhiwe kabla ya masomo. Barabarani Gervas alikuwa ameegesha gari, hakushuka. Doto alikuwa ameshika sketi ya mama yake kwa mikono miwili.

Pili alisimama mbele yangu. Hakuwa analia. Nadhani alishamaliza.

"Nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Ulipobonyeza, uliwafikiria wanangu?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ningesema nilichanganyikiwa, shetani alinipitia, na pengine siku moja angenisamehe.

"Niliwafikiria," nilisema.

Nilisema kwa sauti, wazi, hatua mbili kutoka kwake. Uso wake ulibadilika, macho yakajaa, na nikajua kwa hakika kwamba amesikia. Halafu aliyateremsha macho hadi kifuani pangu, akayaacha pale, akasubiri, kama wanavyosubiri watu wa mapokezi.

"Dada Vene kasemaje, mama?" Doto aliuliza.

Pili aliinua mabegi.

"Hajasema kitu," alimjibu. "Twendeni."